Rudolph Ackermann: Buda wa kuuza picha ambaye sheria yake inakula tairi za pikapu yako

Ukishusha pikapu ya zamani, iwe ni Hilux ya miaka ya themanini ama ile Isuzu KB mbuyu wako alikuwa anabebea nyasi za ng'ombe, kuna mzee mmoja unaingia shambani mwake bila kubisha hodi. Alikufa 1834. Hakuwahi kuona gari la petroli. Lakini muulize fundi wa alaimenti anayejua kazi yake kwa nini tairi za mbele zinalia kwa kona na zinakwisha kabla ya wakati, na baada ya dakika mbili atakutajia jina lake: Ackermann.

Wasee wengi wakilisikia hilo jina wanadhani ni injinia fulani wa kampuni kubwa ya magari. Wapi! Huyu jamaa aliomoka kwa kuuza picha, rangi na vitabu. Na kitu chenyewe kinachobeba jina lake hadi leo, hata si yeye alikigundua. Tulia nikupe stori yote, halafu mwisho tuingie chini ya ndai yako tucheki kama bado inamheshimu.

Mtoto wa fundi wa matandiko

Rudolph Ackermann alizaliwa tarehe 20 Aprili 1764 huko Stollberg, mji mdogo wa Saxony, Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Kijana alisoma shule ya Kilatini pale mtaani kwao na kichwa kilikuwa kinashika. Alitaka kuendelea hadi chuo kikuu, lakini kwao chapaa haikutosha. Hiyo stori unaijua, pengine ni yako pia. Basi akaingia kazi ya mzee wake: kukata ngozi, kushona matandiko, na baadaye kuunda magari ya farasi.

Usiidharau hiyo kazi. Enzi hizo gari la farasi lilikuwa ndio V8 ya bwanyenye. Fundi wake alihitaji kujua mbao, chuma, ngozi, springi na rangi, vyote kwa pamoja. Na zaidi ya yote alihitaji kujua kuchora, kwa sababu tajiri hakuletewa gari tayari achague. Alionyeshwa mchoro kwanza, akaupenda, ndio akatoa pesa. Hapo kwa mchoro ndipo Ackermann alikuwa moto wa kuotea mbali.

Akaanza kutembea na ufundi wake mkononi. Alipita miji ya Ujerumani, akafika Basel kule Uswisi, akaingia Paris, na akiwa na miaka kama 23 akatua London. Akakaa Long Acre, mtaa ambao ulikuwa makao makuu ya mafundi wa magari ya farasi. Fikiria Grogan, lakini badala ya bampa na gasketi za mtumba, unaona magurudumu ya mbao yamepangwa na harufu ya vanishi imejaa barabara nzima.

Kijana mgeni, Kiingereza chake bado kina lafudhi nzito, lakini penseli yake ikamsemea. Kufikia 1790 alikuwa ameshachora magari ya kifahari ya wakubwa wa Ireland, yale ya kupambwa kwa dhahabu na michongo hadi farasi mwenyewe anaona haya. Mwaka 1791 akaanza kuchapisha vitabu vya michoro ya magari ya kisasa ya wakati huo, ili wateja wajue yeye ni nani. Ni ile kitu unafanya leo ukiposti picha za kazi zako kabla mtu hajakuita.

Duka la Strand

Mwaka 1795 akafungua duka la picha pamoja na shule ya kuchora katika barabara ya Strand, namba 96. Haikuchukua muda mahali pakawa padogo, akahamia namba 101, barabara hiyo hiyo. Shule ilifika wanafunzi 80. Dukani aliuza picha zilizochapishwa na kutiwa rangi kwa mkono, akatengeneza rangi za maji zake mwenyewe, akauza karatasi na vifaa vya wachoraji. Kumbuka huo ulikuwa wakati hakuna kamera. Ukitaka kujua mfalme anafanana vipi, au nguo gani imeingia mjini, ulienda kuangalia picha kwa dirisha la duka kama hilo.

Na huyu buda hakuwa mtu wa hasla moja. Mwaka 1801 akachukua hataza ya kufanya karatasi na nguo zisipitishe maji, na akaweka kiwanda chake Chelsea. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa London kuwasha taa za gesi ndani ya biashara yao, wakati majirani bado wako kwa mishumaa. Baada ya Nelson, yule kamanda wa majeshi ya majini, kuuawa Trafalgar mwaka 1805, Ackermann alihusika katika kuchora gari la kubebea jeneza lake, lile lililotengenezwa kwa umbo la meli. Mwaka 1807 akajaribu njia ya kumwaga vikaratasi vya matangazo kutoka kwa puto dogo linalopaa angani. Kama angekuwa hai leo, si ungemkuta na droni?

Kazi iliyompa jina kubwa ilikuja 1808 hadi 1810: Microcosm of London, vitabu vitatu vyenye picha 104 za rangi zinazoonyesha jiji lote, kutoka makanisani na mabungeni hadi magerezani na kwa majumba ya maonyesho. Alimpa Pugin achore majengo na Rowlandson achore watu, kila mtu kwa kile anachoweza zaidi. Mwaka 1809 akaanzisha jarida la kila mwezi, Repository of Arts, lililobeba mitindo ya nguo, samani, habari na sanaa. Likaendelea hadi 1828. Hii tovuti unayosoma saa hii, kwa kweli ni mjukuu wa vitu kama hivyo.

Lakini usidhani alikuwa anakimbiza doo tu. Mapinduzi ya Ufaransa yalipowafukuza watu wengi kwao, London ilijaa wakimbizi wa ukoo bora na makasisi ambao hawakuwa na ufundi wowote wa kuwaletea mkate. Ackermann akawapa kazi ya kupaka rangi na kupamba vitu vidogo vya nyumbani, na akawalipa. Na vita vya Napoleon vilipoiacha Saxony ikiwa majivu baada ya mapigano ya Leipzig mwaka 1813, yeye ndiye aliyesimama mbele kuchangisha. Ukijumlisha michango ya watu na fedha zilizopitishwa na bunge, zilizidi pauni 200,000. Kwa wakati huo hizo ni hela za kutisha. Alikuwa ameondoka kwao miaka mingi, ameshakuwa raia wa Uingereza tangu 1809, lakini nyumbani hakusahau.

Rafiki wa Munich

Sasa tufike kwa stelingi.

Huko Munich, Bavaria, kulikuwa na fundi anaitwa Georg Lankensperger. Alikuwa anaunda magari ya farasi ya nyumba ya kifalme. Mwaka 1816 hivi, Lankensperger alipata wazo la kutatua shida ambayo ilikuwa imeua na kuvunja watu kwa miaka mingi.

Shida yenyewe ni hii. Magari ya farasi ya zamani yalikuwa na ekseli ya mbele moja ndefu, imefungwa katikati kwa pini. Ukitaka kukata kona, ekseli yote inazunguka, kama mkokoteni wa kuvutwa na punda. Inaonekana poa mpaka ukate kona kali. Gurudumu moja linarudi chini ya bodi, lingine linaenda mbele, na gari linabaki limesimama kwa miguu iliyosogeleana. Badala ya kusimama kama meza, linasimama kama stuli ya miguu mitatu. Farasi akishtuka kidogo hapo, gari linalala ubavu na abiria wote ndani. Tena ili gurudumu lipate nafasi ya kupita, ilibidi magurudumu ya mbele yawe madogo au bodi iinuliwe juu sana, na gari likiwa juu ndio linapinduka haraka zaidi.

Lankensperger akasema ekseli itulie. Isizunguke kabisa. Kila gurudumu la mbele lipewe pini yake mwishoni mwa ekseli, lijipinde peke yake, na magurudumu mawili yaunganishwe kwa mikono na fito ili yapinde pamoja. Miguu minne ya gari inabaki pale pale hata ukikata kona hadi mwisho. Gari linaweza kushushwa chini. Ndio, umesoma vizuri: miaka mia mbili iliyopita, moja ya faida za huu mtambo ilikuwa kwamba gari linaweza kukaa chini zaidi bila kupoteza kona.

Munich ilikuwa pia mji wa Senefelder, yule aliyegundua uchapishaji wa kutumia jiwe, ambao Ackermann aliupigia debe sana London hadi akachapisha kitabu cha Senefelder kwa Kiingereza mwaka 1819. Kwa hiyo macho yake yalikuwa huko. Alipouona mtambo wa Lankensperger, yule kijana wa Long Acre ndani yake akaamka. Akawa wakala wake Uingereza, na mwanzoni mwa 1818 hataza ikatoka London. Ikatoka kwa jina la nani? La Rudolph Ackermann.

Hapo ndipo watu hukasirika wakisikia hii stori. Lakini polepole. Wakati huo mtu wa nje aliyetaka kulinda wazo lake Uingereza alipitia kwa mtu aliye ndani, na Ackermann hakujificha kwamba mwenye wazo ni fundi wa Bavaria. Tatizo ni kwamba dunia husoma jina la kwanza kwa karatasi na kuacha mengine. Lankensperger alifanya kazi, Ackermann akabeba jina. Tena kabla ya wote wawili, kuna daktari Mwingereza, Erasmus Darwin, babu yake Charles Darwin wa mambo ya mageuzi, ambaye alikuwa amewaza kitu kama hicho kwa gari lake mwenyewe karibu miaka sitini mapema. Yeye hakuchukua hataza, na jina lake halipo kwa mdomo wa fundi yeyote.

Kona moja, duara mbili

Kabla tuendelee, elewa hesabu, kwa sababu ndio itakusaidia ukiwa chini ya pikapu.

Ukikata kona kulia, gurudumu la kulia liko karibu na katikati ya kona na la kushoto liko mbali. Kila moja linachora duara lake. La ndani linachora duara dogo, la nje kubwa. Kama magurudumu yote mawili yatapinda kwa nyuzi sawa, lazima moja liburutwe kando. Kuburutwa ndiko kule kulia kwa tairi unakosikia ukizunguka pole pole kwa parking ya sakafu laini.

Chukua pikapu yenye mita 2.6 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, na mita 1.3 kati ya pini za magurudumu ya mbele. Ukikata kona ambayo katikati ya ekseli ya nyuma inachora duara la nusu kipenyo cha mita 5, gurudumu la ndani linafaa kupinda karibu nyuzi 31, na la nje karibu nyuzi 25. Tofauti ni nyuzi 6. Hizo nyuzi 6 ndizo zinaitwa Ackermann.

Zinapatikanaje? Kwa mikono midogo ya stelingi iliyo nyuma ya kila gurudumu. Haikai sambamba na gari. Imeinama kidogo kuelekea ndani, kiasi kwamba ukivuta mstari kutoka pini ya gurudumu kupitia mwisho wa mkono huo, mistari ya pande zote mbili inakutana karibu na katikati ya ekseli ya nyuma. Kwa magari ambayo tairodi iko mbele ya ekseli, mikono inatanuka kuelekea nje badala yake. Ujanja ni huo tu. Hakuna kompyuta. Ni pembe ya chuma.

Mafundi wakamkataa

Ungedhani London ingeshangilia. Haikushangilia. Mafundi wa magari ya farasi waliupinga mtambo. Ulikuwa na viungo vingi zaidi, kila kiungo ni gharama na ni mahali pa kuchakaa kwa barabara za mawe. Tena walikuwa wameshazoea yao, na kubadilisha karakana nzima kwa sababu ya muuza picha wa Strand, hata kama zamani alikuwa mmoja wao, haikuwaingia.

Ackermann hakunyamaza. Mwaka 1819 akachapisha kitabu kizima cha kuutetea mtambo wake, na michoro ndani, akieleza usalama wake na urahisi wake. Alikuwa na duka, jarida na mashine za kuchapa. Kama kuna mtu angeweza kuuza wazo, ni yeye. Na bado halikushika. Hataza za wakati huo zilidumu miaka 14, kwa hiyo yake iliisha 1832, na barabara za London bado zilikuwa zimejaa ekseli za kuzunguka.

Yeye aliendelea na mengine. Mwaka 1823 ukawa mwaka wa Forget-Me-Not, kitabu kidogo cha zawadi chenye hadithi, mashairi na picha, ambacho kilianzisha mtindo mpya kabisa Uingereza. Nchi za Amerika ya Kusini zilipojitoa mikononi mwa Uhispania, akachapisha vitabu vingi kwa Kihispania na kuvisafirisha huko. Mwaka 1830 akapata kiharusi, na hakurudi tena kazini kama zamani. Alifariki tarehe 30 Machi 1834 huko Finchley, na akazikwa St Clement Danes, kanisa lililo barabara ile ile ya Strand alikojenga jina. Siku hiyo ungeuliza Londoni nzima Ackermann ni nani, wangekuambia ni mzee wa picha. Hakuna ambaye angetaja magurudumu.

Magari yanamfufua

Karibu miaka arobaini baadaye, mwaka 1873, Mfaransa Amédée Bollée wa Le Mans akaunda basi la mvuke, L'Obéissante. Gari zito, halina farasi wa kulivuta kona. Ekseli ya kuzunguka ingekuwa balaa. Akaipa kila gurudumu la mbele pini yake. Mwaka 1878 Mfaransa mwingine, Charles Jeantaud, akachora vizuri ile hesabu ya mistari inayokutana nyuma, hadi kule Ufaransa wengi wanaiita kwa jina lake.

Na Karl Benz? Gari lake la 1886 lilikuwa na magurudumu matatu, kama tuktuk. Hakuwa na njia ya kuridhisha ya kupindisha magurudumu mawili ya mbele. Mwaka 1893 ndipo alichukua hataza ya stelingi ya pini mbili na kuanza kuuza gari la magurudumu manne. Kuanzia hapo kila gari, lori, matatu na pikapu imefuata.

Sasa ingia chini ya pikapu yako

Turudi kwa ile kitu umefanya wikendi. Hilux nyingi za zamani za kuendeshwa na magurudumu ya nyuma, Isuzu KB na Datsun za enzi hizo zina toshenbaa mbele: chuma kirefu kinachojikunja kama springi. Ukilegeza boliti yake ya nyuma, mbele inashuka. Dakika ishirini, bure kabisa. Ndiyo maana kila msee anaanzia hapo.

Kinachotokea ni hivi. Mkono wa juu ni mfupi kuliko wa chini. Gari likishuka, mkono wa juu unavuta kichwa cha gurudumu kuingia ndani haraka zaidi. Hiyo ni kemba hasi. Tairi linakanyaga kwa ukingo wa ndani, na hapo ndipo nyuzi za waya zinaanza kuchungulia wakati upande wa nje bado una meno.

Pili, tairodi. Kiwandani iliwekwa ilingane na mikono, ili gurudumu likipanda na kushuka, isilivute wala kulisukuma. Ukishusha gari, pembe ya tairodi inabadilika, na tou, yaani vile magurudumu mawili yanaangaliana kwa mbele, inatoka. Mbaya zaidi, sasa kila bampu na kila shimo linapindisha gurudumu lenyewe bila wewe kugusa stelingi. Kwa mwendo wa mjini unalihisi kama kero. Kwa barabara kuu ukiwa kando ya trela, si kero tena.

Tatu, kasta, ule mlalo wa pini ya gurudumu ukiangalia gari kutoka ubavuni. Ukishusha mbele kuliko nyuma, kasta inapungua, stelingi inakuwa nyepesi kwa njia mbaya, hairudi yenyewe baada ya kona na gari linatangatanga. Ndiyo maana mbele na nyuma zinafaa kushushwa kwa mpango mmoja.

Na nyuma usisahau breki. Pikapu nyingi za zamani zina valvu iliyofungwa kwa fito hadi ekseli ya nyuma, inayopima mzigo. Ukiweka bloki na kushusha nyuma, valvu inadhani umebeba tani moja. Inaipa breki ya nyuma nguvu zote, na siku ya mvua ukikanyaga ghafla, nyuma inafunga na kuja mbele. Hiyo fito lazima irekebishwe, ijue kimo kipya. Hii moja tu ikufanye usome mara mbili.

Njia safi zaidi ni kununua nako zilizoundwa kushusha, zile ambazo ncha ya kubebea gurudumu imepandishwa juu kama inchi mbili. Bodi inashuka, lakini mikono na tairodi zinabaki kwa pembe za kiwandani. Cheki tu kwamba mkono wake wa stelingi uko pale pale wa awali ulikuwa, la sivyo umenunua shida mpya kwa pesa yako.

Kama pesa ya hizo haipo, basi fuata utaratibu. Kwanza badilisha bushi, boljointi na tairodi endi zilizolegea, kwa sababu hakuna alaimenti inayokaa juu ya kitu kinachocheza. Weka kimo unachotaka, pande zote sawa. Endesha kidogo gari likae. Jaza upepo sawasawa. Kisha fundi aweke kemba na kasta kwanza, mara nyingi kwa kuongeza au kutoa vipande vyembamba vya chuma kwa mkono wa juu. Tou inakuja mwisho, kwa sababu ukigusa hizo mbili za kwanza, tou nayo inasonga. Na akaze tairodi zote mbili kwa kiasi sawa, stelingi ikiwa imenyooka. Ukitaka kuhakikisha nyumbani, pima umbali kati ya tairi mbili kwa mbele na kwa nyuma, kwa kimo kile kile. Tofauti ya milimita chache ina maana, tofauti ya sentimita ni tairi mpya.

Lakini ile pembe ya Ackermann yenyewe haimo kwa mashine ya alaimenti. Imechongwa ndani ya mkono wa stelingi. Kuna wasee wakiona tairi inagusa bodi kwa kona watakuambia huo mkono uchomwe moto upindwe kidogo. Kataa. Chuma kilichochomwa hovyo kinapoteza ugumu wake, na hicho ndicho kinachokuunganisha wewe na gurudumu. Kikivunjika, utabaki umeshika stelingi ambayo haijaunganishwa na kitu.

Fundi mzuri atakuwekea magurudumu kwa sahani za kuzunguka, apinde hadi mwisho, asome nyuzi za ndani na za nje. Kama pande mbili hazifanani, kulia na kushoto, kuna mkono umepinda au mtu alishacheza nao kabla yako. Hilo ndilo swali la kuuliza kabla hujanunua pikapu ya zamani, hata kabla ya kuuliza injini. Na likijibiwa vibaya, tafuta mkono mwingine mzima, lipia alaimenti mara mbili ikibidi, ndipo uanze kufikiria rimu na rangi.